Wastaafu wawili kutoka Bukoba katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Tangu tuvuke mpaka kwenda Uganda, mimi mkunga mstaafu na mume wangu fundi maji mstaafu, simu hazikomi. Wastaafu wenzetu wa Kagera, waumini wenzetu, na watoto wa ndugu zetu walioko Mwanza na Dar es Salaam wanauliza mambo yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Penye jambo ambalo mtu anapaswa kulijua kabla hajafunga mizigo, nimejibu kwa kirefu.

Nakivale iko wapi, na kwa nini mlichagua huko?

Iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Ukisimama Murongo, wilayani Kyerwa, ukatazama ng'ambo ya mto Kagera, Isingiro ndiyo ile. Makazi haya yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi walipoanza kukimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 180,000. Wengi ni Wakongo, kisha wapo Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea.

Sababu ya kuja ni ya zamani. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja. Mimi nilikuwa muuguzi kijana, nikapelekwa kambi ya wakimbizi ya Benaco. Nilizalisha wanawake chini ya turubai, kwa mwanga wa kandili, wengine wakiwa hawajui waume zao wako wapi. Tangu wakati ule nilikuwa nikimwambia mume wangu kwamba nikistaafu nitarudi kwa watu wa namna ile. Ofisi ya misaada ya kanisa letu ilipotafuta watu wazima wenye fani, tulikwenda kuandikishwa siku hiyohiyo.

Siku yenu inakwendaje?

Tunaamka kabla ya jua. Tunasali pamoja, kisha mzee anawasha jiko la mkaa nami nachuja maji ya kunywa ya siku nzima. Chai ya maziwa haikosekani, maana tuko Ankole, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Saa moja na nusu boda boda wawili tuliowazoea wanafika mlangoni. Mzee huenda kwenye mtambo wa maji au kwenye vituo vya kuchotea, nami huenda kituo cha afya.

Saa tatu za kwanza ndizo zenye kazi nzito, kwa sababu mchana jua ni kali na miguu yetu inadai haki yake. Saa saba tunakula popote tulipo. Mara nyingi ni ugali na maharage pamoja na wafanyakazi wengine, na siku ya bahati kuna sombe ya akina mama wa Kikongo, ambayo kwetu ni kisamvu, isipokuwa wao wanaipika kwa mawese na kuiacha motoni mpaka inalainika kabisa. Alasiri ni ya kuandika. Mzee anajaza daftari la matengenezo, mimi najaza orodha ya waliofanya mazoezi. Saa kumi na moja tuko nyumbani, na huo ndio mwisho wa kazi. Tuliliweka sharti hilo kabla hatujaondoka Bukoba.

Jioni wageni hawaishi. Kijana anataka kusomewa barua, mama analeta mtoto "umwangalie tu", mwalimu amekuja kuazima spana. Tunawapokea mpaka saa mbili, tunasikiliza habari redioni, tunalala.

Jumamosi ni ya kufua na kwenda sokoni. Jumapili ni ibada, inayochukua nusu ya siku kwa sababu kila kwaya lazima iimbe, na kwaya ni nyingi.

Mzee anafanya nini hasa kwenye maji?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu watu wanadhani anachimba visima. Hachimbi. Anatengeneza vilivyopo.

Maji mengi ya Nakivale yanavutwa ziwani. Ni maji ya tope, kwa hiyo kwenye mtambo yanawekwa shabu ili uchafu uzame, yanachujwa, yanatiwa klorini, kisha yanasukumwa kwenda matangini na kwenye koki za vijijini. Hatua zote hizo zikienda sawa, bado kuna koki ya mwisho, ile inayoshikwa na mamia ya mikono kwa siku. Viwango vinavyofuatwa na mashirika duniani vinasema koki moja isitumikiwe na watu zaidi ya 250, mtu asitembee zaidi ya mita 500, na asisubiri foleni zaidi ya dakika 30. Koki moja ikifa, watu wake wanahamia koki ya jirani, foleni inakuwa mara mbili, na watoto wa kike wanachelewa shule. Wengine wanakata tamaa na kwenda kuchota ziwani moja kwa moja. Kipindupindu huanzia hapo.

Acha nieleze asubuhi moja niliyomsindikiza. Koki ilikuwa inavuja, na watu walikuwa wameifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mzee hakuigusa. Alimwita binti wa Kirundi aliye kwenye kamati ya maji ya kijiji, akampa spana, akakaa juu ya dumu lililopinduliwa. Binti alifunga valvu ya juu, akafungua koki, akatoa raba iliyolika na kuiweka kiganjani ili wote waione. Akakata nyingine kutoka kwenye kipande cha ngozi, kwa sababu za dukani zilikuwa zimeisha. Akazungushia nyuzi ile tepu nyeupe akifuata upande wa kukazia. Aliizungusha kinyume mara ya kwanza, mzee akakohoa kidogo tu, naye akaifungua na kuanza upya. Maji yalipotoka, akayakinga kwenye kichupa, akatia kidonge cha kupimia klorini, na maji yakageuka ya waridi. Alilinganisha rangi na kile kibao cha vipimo, akaandika daftarini mwenyewe. Inayotakiwa pale kwenye koki ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ikiwa pungufu, wadudu wanapata nafasi. Ikizidi sana, watu wanachukia ladha na kurudi ziwani.

Kazi ile mzee angeimaliza kwa robo ya muda ule. Lakini siku akirudi Bukoba, spana inabaki kwa nani? Uchunguzi uliokusanya takwimu za nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara uliwahi kukuta takriban theluthi moja ya pampu za mkono hazifanyi kazi. Zililetwa kwa sherehe, zikapigwa picha, zikafa kwa kukosa raba na mtu wa kuibadilisha. Mume wangu alifanya kazi idara ya maji maisha yake yote na jambo hilo linamuuma, kwa hiyo sasa kila siku yake anaitumia kuwaandaa watu wa kubadilisha raba.

Na wewe, unazalisha?

Hapana. Leseni yangu ni ya Tanzania, na kumshika mgonjwa Uganda kunahitaji kibali cha Baraza la Wauguzi na Wakunga la huko. Nimekuja kusimamia mazoezi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, pamoja na wakunga wa Uganda waliopo kituoni. Wao ndio wakubwa wa wodi, mimi niko chini yao.

Mafunzo haya yanalenga dakika ya kwanza ya uhai. Mtoto akizaliwa kimya, unamkausha, unamfunika apate joto, unasafisha njia ya hewa kama imeziba, unamsugua mgongo. Asipovuta pumzi, unamwekea barakoa usoni na kumpulizia hewa kwa mfuko, na yote hayo yawe yameanza kabla dakika haijaisha. Hatuhitaji umeme wala mtungi wa oksijeni. Kilichojaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania, matokeo yakatolewa mwaka 2013, kilionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa vimepungua kwa 47%. Najivunia sana kwamba ushahidi huo umetoka kwetu.

Kuna sehemu ya pili ambayo watu hawaisemi sana. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walifunzwa siku moja, wakafaulu vizuri kwenye mdoli, lakini wodini mambo hayakubadilika. Yalibadilika pale mazoezi yalipokuwa mafupi na ya mara kwa mara, mdoli ukiwa palepale kazini. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi. Mdoli uko mezani pembeni ya wodi ya wazazi, na kila mkunga anayeingia zamu anaufanyia mazoezi kwa dakika chache. Mimi natazama saa na kifua cha mdoli. Kifua kisipoinuka, hewa inavuja shavuni. Namwambia arekebishe kidevu, ashike barakoa upya. Kesho tena. Keshokutwa tena.

Kwa nini wazee? Vijana hawapo?

Wapo, na ni hodari kuliko sisi kwenye kompyuta na kwenye pikipiki. Lakini mkataba wa kijana mara nyingi ni mfupi, na yuko katika umri wa kutafuta nafasi inayofuata. Anapaswa kufanya hivyo, ana maisha ya kujenga. Sisi hatutafuti cheo. Mtu akituambia kwamba wiki hii yote ni kurudia zoezi lile la wiki iliyopita, hatusikii vibaya. Mazoezi ya Haydom na koki ya kijijini vinataka mtu wa kukaa na kurudia, na mstaafu ana muda huo.

Jingine ni mvi. Mzee akiingia kwenye kikao cha kamati ya maji chenye Wakongo, Warundi na wenyeji Wanyankole wanaogombea zamu, hapandishi sauti. Anawasalimu wakubwa, anaomba kiti, anawasikiliza wote mpaka wachoke. Kijana akifanya vilevile anaambiwa anachelewesha.

Mnaishi ndani ya makazi?

Tunaishi kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, katika senta ya wenyeji karibu na makazi. Hakuna ua wala geti kati yetu na wakimbizi. Watu wengi hushangaa. Uganda haiwafungii wakimbizi kambini: sheria yake ya mwaka 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi, na familia hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, ingawa vipande vimekuwa vidogo kadiri watu walivyoongezeka. Watoto wa wenyeji na wa wakimbizi wanasoma shule moja na kutibiwa kituo kimoja. Ukitembea Nakivale utaona saluni, cherehani, duka la simu, mgahawa wa Kisomali, mashine ya kusaga. Anayetarajia kuona safu za mahema meupe atapotea njia.

Umeme wetu ni wa sola, unatosha taa, redio na simu. Choo ni cha shimo na kiko nje. Kwa magoti yaliyochoka hilo ni jambo la kulitafakari kwa dhati, na mzee alimwomba seremala wa Kikongo amtengenezee kiti cha mbao chenye tundu. Sasa majirani wenye wazee nao wameagiza.

Je, ni kweli wakimbizi wanapewa kila kitu?

Hapana, na naomba wanaorudia maneno haya wayaache. Mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani nchini Uganda umepunguzwa mara kadhaa kwa ukosefu wa fedha. Mwaka 2023 familia ziligawanywa kwenye makundi matatu: walio dhaifu zaidi walipata asilimia 60 ya mgao kamili, wa kati asilimia 30, na walioonekana wanaweza kujitegemea hawakupata kitu. Mwaka 2025 watu karibu milioni 1 waliondolewa kwenye msaada huo. Kwenye mizani ya kliniki unayaona hayo kabla hujasoma taarifa yoyote. Utepe wa kupimia mkono wa mtoto una rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na unapoufunga kwenye mkono wa mtoto, mama yake anakuwa ameshaiangalia ile rangi kabla yako.

Hatuna chakula cha kugawa. Tunachoweza ni kuhakikisha maji safi hayakosekani, kwa sababu mtoto mwenye njaa akipata na kuhara, anakwenda haraka.

Mnaelewana nao kwa lugha gani?

Kwa Kiswahili, na ndiyo maana nawahimiza Watanzania na Wakenya. Kwa Wakongo wa Kivu na Warundi wengi ndicho lugha ya kukutania, na wafanyakazi wengi wanaotoka mbali hupita kwa mkalimani tunapopita sisi moja kwa moja. Chao kina ladha yake. Wananiita Maman, mzee ni Papa, na dumu la maji kwao ni bidoni. Mimi nimezaliwa kwenye Kihaya, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kinyankole, kwa hiyo sokoni napata bei ya mwenyeji. Kwa Wasomali tunasaidiwa na vijana wao waliosoma hapahapa.

Nani analipa? Pensheni inatosha?

Hatulipwi mshahara. Kanisa linalipia nyumba, usafiri wa kazini na bima ya matibabu. Chakula na matumizi mengine ni pensheni yetu. Kwa maisha ya hapa inatosha, ukiwa huna deni. Ukiwa na mkopo wa benki unaokatwa kwenye pensheni, maliza kwanza.

Mambo mawili ya nyumbani msiyasahau. Uhakiki wa wastaafu unapofika lazima muutimize, kwa hiyo ulizeni mapema kwenye mfuko wenu utafanyikaje mkiwa nje. Na kadi ya NHIF, ile bima yetu ya afya ya taifa, ni ya vituo vya Tanzania, haitawasaidia kwenye hospitali za mji wa Mbarara. Hakikisheni wanaowatuma wana bima inayowatambua watu wa umri wenu, na muisome sehemu ya presha na kisukari kabla ya kusaini.

Usalama ukoje? Na magonjwa?

Hatujawahi kuguswa. Ugomvi mkubwa unaoweza kuuona ni wa mipaka ya mashamba na ng'ombe walioingia kwenye mazao, na huo tunawaachia viongozi wa vijiji na mkuu wa makazi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda. Usiku hatupandi boda boda.

Malaria ipo mwaka mzima. Tunalala ndani ya chandarua na tunapima homa siku ya kwanza. Uganda ilipata mlipuko wa Ebola mwaka 2022, na mkoa wetu wa Kagera ukapata Marburg mwaka 2023, kwa hiyo kunawa mikono na kutogusa maiti ovyo si mambo ya Uganda peke yake.

Mnagombana?

Ndiyo. Miaka yote ya ndoa mmoja alikuwa wodini usiku na mwingine vijijini kwenye miradi, tulikutana Jumapili. Kuishi vyumba viwili, mkienda kazi ya aina moja na kurudi na uchovu wa aina moja, ni kufahamiana upya. Kilichotusaidia ni kwamba kila mtu ana eneo lake. Mzee hanishauri kuhusu wodi, nami simshauri kuhusu mabomba. Na siku mbaya, siku mtoto amefariki, hakuna anayemwambia mwenzake "jikaze". Tunakaa nje kwenye kigoda mpaka anayetaka kusema aseme. Wenzi ambao nyumbani walikuwa wakikaa wiki nzima bila kuzungumza, nawashauri wayamalize kwanza hayo ndipo wafikirie safari.

Wajukuu je?

Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote, wala sitaificha. Simu ya video jioni inategemea mtandao. Mjukuu wetu mdogo alianza kutembea sisi tukiwa huku. Lakini Bukoba ni mwendo wa siku moja kupitia Masaka na Mutukula, na tunakwenda Krismasi na likizo ya Juni. Aliye na mzazi wa kuuguza au mjukuu anayemlea peke yake, kazi yake ya huruma iko hapohapo nyumbani.

Tuwaletee nguo za watoto?

Msilete. Soko la mitumba limejaa na mafundi cherehani wakimbizi wanahitaji wateja. Mkitaka kusaidia, tumeni raba za koki za nusu inchi na robo tatu, tepu za nyuzi, spana nzuri, na fedha za kununua mengine Mbarara. Kwa wodi, ulizeni kwanza wakunga wenyewe.

Tuanzie wapi kama tumeamua?

Mwende kwa daktari kabla ya kwenda kwa shirika lolote. Mpimwe macho, meno, presha, sukari, na mmwambie wazi mtakuwa umbali gani na hospitali kubwa. Kisha muandike kwenye karatasi moja kile mnachojua kukifanya kwa mikono yenu, mkiwa wakweli. Mwalimu wa darasa la kwanza, fundi umeme, mhasibu aliyezoea vitabu vya chama cha ushirika, mwenye kujua mbegu na mbolea, wote wanatafutwa. Asiyetaka kuongozwa na mtu mwenye umri wa mwanawe asijiandikishe, kwa sababu msimamizi wetu ni wa umri huo na yeye ndiye anayepanga kazi.

Pasipoti iwe na muda wa kutosha, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano inaulizwa. Kibali cha kufanya kazi kishughulikiwe na wanaowaalika kabla hamjavuka, msiingie kama watalii. Dawa zenu za kila siku beba za miezi mitatu zikiwa kwenye makopo yake pamoja na cheti cha daktari, na miwani ya kusomea iwe jozi mbili. Kisha ombeni kuja kwa wiki mbili za kuangalia kabla ya kusaini mwaka. Juni hadi Agosti panafaa, maana barabara za udongo zinakuwa kavu. Chumba cha pili tunacho, na nitawaomba mlete senene kama bado mnao wa kukaangwa wa msimu uliopita.